Jumba la Sinema la Zamani Linahitaji Kalenda Kabla ya Rangi

Kampeni za kuokoa jumba la sinema katika mji mdogo kwa kawaida huanzia mbele ya jengo. Michango ya kwanza huenda kwenye herufi za taa zinazotaja jina la jumba, kwenye kibanda cha tiketi, na kwenye rangi ya ukuta unaotazama barabara, kwa sababu hapo ndipo wapita njia huona kwamba fedha zao zimefanya kazi, na hapo ndipo picha za siku ya ufunguzi zitapigwa. Sina ugomvi na taa hizo. Ninachopinga ni mpangilio wa maswali. Kabla kamati haijajadili rangi, inapaswa kuwa na jibu la maandishi kwa swali lisilovutia hata kidogo: katika wiki ya kawaida isiyo na tamasha wala sikukuu, Jumanne usiku, ni nani atakuwa ndani ya ukumbi huu, atakuwa anafanya nini, na nani atakuwa amelipia umeme?

Swali hilo ni zito kwa sababu jumba la sinema, tofauti na linavyokumbukwa, halikuwahi kujitungia ratiba yake lenyewe. Ratiba ilitoka nje. Filamu zilitengenezwa mbali, zikaletwa kwenye makopo, zikaonyeshwa kwa siku mbili au tatu, kisha zikapelekwa mji unaofuata huku nyingine zikiingia. Kazi ya meneja ilikuwa kuchagua, kutangaza, kuuza tiketi na vitafunio, na kufagia. Mnyororo huo ulipoanza kukatika, jengo lilikuwa bado zima. Nchini Marekani mahudhurio ya sinema yalifikia kilele mwaka 1946. Miaka miwili baadaye Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikatoa uamuzi katika kesi dhidi ya Paramount na wenzake, uliosababisha kampuni kubwa za filamu zitenganishwe na majumba zilizokuwa zikiyamiliki, na kampuni hizo zikapunguza idadi ya filamu zilizotengeneza wakati uleule televisheni ilipokuwa ikiingia sebuleni. Majumba mengi ya miji midogo yalivuka dhoruba hiyo yakichechemea, kisha yakakutana na nyingine: mwishoni mwa 2013 Paramount ikawa kampuni kubwa ya kwanza ya Hollywood kuacha kusambaza filamu zake mpya nchini humo katika nakala za mkanda wa milimita 35. Mwenye jumba la skrini moja alitakiwa kununua projekta ya kidijitali kwa makumi ya maelfu ya dola au kufunga milango.

Kwa hiyo kinachorithiwa na kikundi cha wanajamii ni jengo lililozoea kulishwa, nacho kinataka kuligeuza liwe jengo linalojilisha. Ukumbi wa sanaa hauletewi makopo kila Alhamisi. Kila tamthilia, kila onyesho la ngoma, kila darasa la uchoraji na kila usiku wa mashairi lazima utafutiwe mtu wa kuuandaa, tarehe, bima, matangazo na fundi wa taa. Tofauti hii ni kubwa kuliko tofauti kati ya projekta na jukwaa, na mara nyingi ndiyo isiyoonekana kabisa kwenye michoro ya msanifu majengo.

Mifano inayotajwa zaidi kama ushahidi wa mafanikio ndiyo inayopotosha zaidi. Huko St. Louis, Marekani, jumba la sinema lililofunguliwa mwaka 1925 liligeuzwa mwaka 1968 kuwa ukumbi wa okestra, Powell Hall. Huko Pittsburgh, jumba la mwaka 1927 likawa Heinz Hall mwaka 1971. Yote mawili yalionyesha kwamba kumbi za fahari za enzi ya filamu zinaweza kuhamia kwenye muziki mkubwa bila kupoteza urembo wake. Lakini kila moja lilikuwa na mpangaji aliyejulikana kabla ya mwashi wa kwanza kuingia: okestra ya mji, yenye wanamuziki wa kulipwa, msimu uliopangwa na wasikilizaji waliokwisha kununua tiketi za mwaka mzima. Kalenda ilikuwepo, ikitafuta nyumba. Mji mdogo huwa na hali iliyo kinyume, yaani nyumba inayotafuta kalenda, na kunakili mradi wa Pittsburgh katika mji wa watu elfu tano ni sawa na kununua basi la abiria sitini kwa ajili ya familia moja.

Mtu akikubali kuanza na kalenda, jengo lenyewe huanza kusomeka kwa namna nyingine, na hapa mwaka wa ujenzi ni wa kuangaliwa kwanza. Majumba mengi yaliyojengwa kabla ya filamu zenye sauti kushika soko, mageuzi yaliyoanza mwaka 1927, yalikusudiwa kuchanganya filamu na maonyesho ya watu hai. Yana jukwaa la kweli, wakati mwingine lenye mnara wa kuvutia mapazia juu, vyumba vichache vya wasanii kuvalia, na shimo la wanamuziki waliosindikiza filamu bubu. Yaliyojengwa baadaye yalipunguziwa vitu hivyo kimoja baada ya kingine, kwa kuwa spika nyuma ya skrini haihitaji chumba cha kujipodoa. Katika mengi ya kundi hili la pili jukwaa ni ubao wa kina cha hatua chache tu, na nyuma yake kuna ukuta, na nyuma ya ukuta kuna mali ya mtu mwingine. Hata hivyo, mtu asikate tamaa kabla ya kuchungulia. Baada ya CinemaScope, mfumo wa filamu za picha pana, kuingia mwaka 1953, wamiliki wengi walisimamisha skrini pana mbele ya fremu ya jukwaa la zamani, na yapo majumba ambayo jukwaa lake lilikaa gizani nyuma ya skrini hiyo kwa miongo mingi, pamoja na kamba zake.

Kina cha jukwaa huamua kalenda kuliko ladha ya kamati. Jukwaa jembamba linatosha mhadhara, mchekeshaji, mwimbaji na gitaa lake, kwaya ndogo. Halitoshi mchezo wa kuigiza wenye mabadiliko ya mandhari, na kikundi cha wacheza ngoma kitarukia ukutani. Mlango wa kupakulia vifaa nao una sauti yake. Jumba lililozoea kupokea makopo ya filamu kupitia mlango wa mbele halikuwa na sababu ya kuwa na mlango mpana wa nyuma, na piano kubwa haipiti kwenye kibanda cha tiketi. Ukumbi haukuwa na mabomba ya kuning'inizia taa za jukwaa juu ya vichwa vya watazamaji, wala umeme wa kuzilisha. Hata vyoo vinasimulia historia ya namna watu walivyotazama filamu: katika enzi ya maonyesho ya mfululizo, watazamaji waliingia na kutoka muda wowote, hivyo foleni ilijigawa yenyewe, ilhali tamasha lenye mapumziko ya dakika ishirini humwaga ukumbi mzima kwenye mlango mmoja kwa wakati mmoja. Nimeona mipango ya ukarabati yenye kurasa kadhaa juu ya zulia la mapokezi na sentensi moja juu ya vyoo.

Kisha kuna sauti, jambo ambalo hujadiliwa kwa mafumbo ingawa linapimika. Wataalamu hupima muda ambao mwangwi huchukua kufifia baada ya sauti kukatika. Okestra hupendeza katika ukumbi ambamo muda huo unakaribia sekunde mbili; maneno ya mwigizaji hueleweka vizuri zaidi muda ukiwa karibu na sekunde moja; na jumba lililojengwa kwa ajili ya filamu zenye sauti kwa makusudi lilifanywa liwe kavu, kuta zikivikwa vitambaa na vigae vinavyomeza mwangwi, ili spika isikike bila ukumbi kuongeza neno. Maana yake ni kwamba ukumbi wa aina hiyo, bila kuguswa, ni mzuri kwa tamthilia, mashairi, mazungumzo na muziki wa vipaza sauti, na ni mkatili kwa kwaya isiyotumia kipaza sauti. Waimbaji hujihisi wanaimba ndani ya blanketi. Zipo dawa, zikiwemo kuondoa vitambaa, kuweka mbao za kurudisha sauti nyuma ya waimbaji na kutumia mapazia yanayofungwa na kufunguliwa, lakini kila dawa inamnufaisha mtumiaji mmoja kwa gharama ya mwingine. Bila kujua nani atautumia ukumbi mara nyingi zaidi, hakuna njia ya kuamua kwa haki.

Vivyo hivyo kwa sakafu. Mteremko unaomwezesha kila mtazamaji kuona juu ya kichwa cha aliye mbele yake ndio unaozuia dansi, masoko ya kazi za mikono, mazoezi ya watoto na karamu za harusi, ambazo kwa kumbi nyingi za jamii ndizo zinazolipa bili. Kusawazisha sakafu kunafungua siku nyingi za wiki na kuharibu usiku wa filamu. Njia ya kati, ambayo naipenda kuliko zote mbili, ni kuacha mteremko chini ya roshani pamoja na viti vya asili, kisha kutengeneza eneo tambarare karibu na jukwaa lenye viti vinavyohamishika. Idadi ya viti itapungua, na hilo lisimtishe mtu. Viti vya zamani vilikuwa vyembamba na vimebanana, na nafasi za watu wanaotumia viti vya magurudumu, ambazo Marekani zimekuwa sharti la kisheria tangu sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990, lazima zipatikane mahali. Ukumbi wa viti mia tatu uliojaa nusu una uhai. Ukumbi wa viti mia nane wenye watu walewale mia na hamsini unawaambia kwamba wamekosea tarehe.

Kuna jambo moja ambalo halisubiri kalenda wala mjadala, nalo ni dari. Majumba mengi ya mwanzoni mwa karne ya 20 yana dari za plasta iliyotiwa nyuzi, zenye nakshi, zikiwa zimening'inizwa kwa vifundo vya plasta na kitambaa cha gunia. Desemba 2013 sehemu ya dari ya aina hiyo ilianguka katika ukumbi wa Apollo jijini London wakati onyesho likiendelea, na watu zaidi ya sabini wakajeruhiwa. Vifundo vilikuwa vimechoka kwa uzee na unyevu, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akipatazama. Apollo ni ukumbi wa tamthilia uliokuwa ukitumika na kutunzwa. Jumba la sinema lililofungwa miaka ishirini chini ya paa linalovuja haliwezi kudhaniwa kuwa salama zaidi. Ukaguzi wa vifundo hivyo, kuondoa asbestosi kwenye mabomba na chumba cha projekta, na kubadilisha nyaya za umeme ni kazi zinazomeza fedha bila kuacha kitu cha kuonyesha mfadhili, ndiyo maana nashauri zihesabiwe kabla herufi za taa hazijaagizwa.

Suala la fedha ndilo linaloonyesha kwa nini kalenda hupuuzwa. Fedha za ujenzi zina wapenzi. Nchini Marekani mwekezaji anayekarabati jengo la kihistoria linaloingiza mapato, kwa viwango vilivyoidhinishwa, anaweza kupunguziwa kodi ya serikali kuu kwa asilimia 20 ya gharama za ukarabati. Hakuna punguzo kama hilo kwa mshahara wa mtu anayepanga ratiba. Familia tajiri ya mji iko tayari kuweka jina lake kwenye kiti au kwenye ngazi, na sijawahi kusikia mtu akiomba jina lake liwekwe kwenye bili ya kupasha joto ukumbi wenye dari ya mita kumi. Matokeo yake ni jengo linalofunguliwa kwa shangwe likiwa halina deni la ujenzi, na mwaka wa tatu linaanza kufungwa siku za kawaida kwa sababu watu waliojitolea kuuza tiketi wamechoka, na wana haki ya kuchoka.

Kama ningelazimika kuchagua kati ya roshani iliyokarabatiwa na mtu mmoja mwenye ujuzi anayelipwa mshahara kwa miaka mitano, ningechagua mtu huyo, na roshani ningeifungia kamba. Watu wa kujitolea wanaweza kufanya mengi, na majumba mengine yasingekuwepo bila wao. Plaza ya Stockport nchini Uingereza, iliyojengwa mwaka 1932 ikiwa na jukwaa la maonyesho na kinanda chake, ilichukuliwa na wadhamini na kufunguliwa tena mwaka 2000 kwa nguvu kubwa ya watu wa namna hiyo. Lakini kujitolea hufanya kazi vizuri pale ambapo kuna mtu mmoja ambaye kazi yake ni kupokea simu asubuhi, kukataa tarehe mbili zinazogongana, na kukumbuka kwamba shule iliomba wiki ya mwisho ya muhula. Kazi hiyo ikigawanywa kwa watu tisa wenye nia njema, simu haipokelewi.

Plaza hiyo inanikumbusha pia ukweli mdogo usiopendeza kwa wapenzi wa sanaa. Kabla ya kurudi kwenye maonyesho ilikuwa ukumbi wa bingo, mchezo wa kubahatisha namba, kama mamia ya majumba ya Uingereza baada ya sheria ya kamari ya mwaka 1960 kufungua njia. Granada ya Tooting jijini London, jumba la mwaka 1931 lenye mapambo ya kupita kiasi, ni bingo tangu miaka ya 1970. Mchezo huo ulidharauliwa, lakini ulilipa bima, ukaziba paa, na ulileta watu Jumanne usiku. Kwa kulinganisha, Michigan Theatre ya Detroit, iliyosimama mahali pale ambapo Henry Ford alikuwa na karakana yake ya kwanza, iligeuzwa maegesho ya magari, na nakshi za dari bado zinaning'inia juu ya safu za magari. Huwa nashangaa kamati zinazokataa kukodisha ukumbi kwa mnada au mashindano ya karata kwa hoja kwamba hiyo si sanaa. Mnada wa Jumatano ndio unaonunua saa za mazoezi ya tamthilia ya Alhamisi.

Kosa la aina hiyohiyo ni kufukuza filamu. Vikundi vingi, katika shauku ya kuanza upya, huona skrini kama alama ya kushindwa na kuiondoa moja kwa moja. Mimi naiona kama kitu pekee ndani ya jengo kinachoweza kujaza usiku bila kuhitaji mazoezi, mandhari wala chakula cha wasanii. Ni kweli kwamba wasambazaji huchukua sehemu kubwa ya mapato ya tiketi, hasa wiki za kwanza, na kwamba faida hutoka kwenye kaunta ya vitafunio. Lakini filamu ya zamani, filamu ya watoto ya Jumamosi asubuhi, au matangazo ya moja kwa moja ya opera kutoka mji mkubwa hugharimu mtu mmoja wa projekta na mmoja wa mlangoni. Skrini inayojiviringisha juu na kushuka kwa dakika mbili ni ununuzi wenye busara kuliko vitu vingi vinavyopigiwa debe na wauzaji wa vifaa vya jukwaa.

Bo'ness, mji mdogo wa Scotland, ulilitazama jumba lake kwa macho ya namna hii. Hippodrome ya mji huo, iliyofunguliwa mwaka 1912 kwa ajili ya filamu, ilirejeshwa na kufunguliwa tena mwaka 2009. Badala ya kushindana na kumbi za miji mikubwa, ikajenga tangu mwaka 2011 tamasha la kila mwaka la filamu bubu zinazosindikizwa na wanamuziki hai. Uchaguzi huo unatumia kila kitu ambacho jengo lilikuwa nacho tayari: ukumbi mdogo, skrini, nafasi ya wanamuziki mbele, na umri wake. Haukuhitaji mnara wa mapazia. Campbeltown, mji mwingine wa Scotland ulio mbali na kila kitu, ulikwenda njia tofauti kidogo: Picture House yake ya mwaka 1913, inayoendeshwa na jumuiya, ilipokarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2017, iliongezewa ukumbi wa pili mdogo. Mtu asiyefikiria kalenda ataona huo ni anasa. Anayeifikiria ataona kwamba ukumbi mdogo ndio unaowezesha jumba kuwasha taa kwa ajili ya watu ishirini bila kupasha joto nafasi ya watu mamia, na kuendelea na filamu huku ukumbi mkubwa ukiwa na shughuli nyingine.

Ningependa kila kamati ijenge au itafute chumba kama hicho kabla ya jambo lingine lolote la mapambo. Mara nyingi kipo tayari: duka lililokuwa limepangishwa kando ya mlango mkuu, au nafasi chini ya roshani, au kipande kilichotengwa na wamiliki walioligawa jumba kuwa skrini mbili au tatu katika miaka ya 1970, ugawaji ambao wapenda urembo wanataka uvunjwe siku ya kwanza. Wasiharakishe. Ndani ya kile chumba kibaya chenye ukuta wa mbao nyembamba, kikundi cha maigizo kinaweza kufanya mazoezi mwaka mzima, mwalimu wa dansi anaweza kuanza na wanafunzi sita, na kamati inaweza kugundua, kwa gharama ndogo, kama mji wake una watu wa kuujaza ukumbi mkubwa.

Inawezekana pia kamati ikagundua kwamba mji hauna watu hao. Huo ni ugunduzi halali, na hapa natofautiana na wanaoamini kwamba jumba lisilofunguliwa mwaka huu limepotea. Jengo lenye paa zima, mifereji safi, hewa inayopita na madirisha yaliyozibwa linaweza kungoja kwa gharama ndogo sana ikilinganishwa na ukarabati kamili uliofanywa mapema mno. Electric Palace ya Harwich, Uingereza, ilifunguliwa mwaka 1911 na kufungwa mwaka 1956. Mwaka 1972 iliingizwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, watu wachache wakaanza kuisafisha polepole, na filamu zikarudi humo mwaka 1981, miaka ishirini na mitano baada ya milango kufungwa.